Msiniambie Timu ni Familia

Niseme mapema, ndio kama ni kukasirika uanze sasa: kila nikiskia kocha akiwaambia watoto wa wenyewe "hapa sisi ni familia," roho yangu haitulii. Sisemi makocha ni wabaya. Wengi wanatoa pesa mfukoni kununulia watoi viatu, nauli, hata chakula. Lakini hilo wazo lina historia. Kuna mahali liligeuka kufuli, vijana wakafungiwa ndani miaka na miaka, na huko nje mji ukawa unapiga makofi.

Mahali penyewe ni Swift Current, Kanada. Timu ni Swift Current Broncos, hoki ya barafu ya vijana. Na najua kuna msee ashaanza, "Buda, sisi na hoki ya barafu wapi na wapi?" Tulia. Nairobi tuko na timu, Ice Lions, ile hufanyia mazoezi kwa uwanja mdogo wa barafu pale hoteli ya Panari, Mombasa Road. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada iliwapeleka huko, wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, video ikazunguka, tukalia sote. 2024 Kenya ikaingia kwa shirikisho la dunia la mchezo huo. Kwa hivyo usiniambie si mchezo wetu. Na kama tunauchukua mchezo wa wenyewe, tuuchukue na historia yake yote, si ile iko kwa tangazo la kahawa peke yake.

Sasa, picha ya huo mji. Swift Current iko kusini magharibi mwa mkoa wa Saskatchewan. Ni nyanda tu: ngano, upepo, anga kubwa, na ile barabara kuu inayovuka Kanada ikipita hapo. Wakaaji ni kama 16,000 na kitu. Ukiwaingiza wote Kasarani, mpaka watoto wachanga, viti vingi vinabaki wazi. Uwanja wao wa barafu hauna hata viti 3,000. Lakini msimu ukianza, hapo ndipo mji unakutana. Hapo ndipo unajua nani ameoa, nani ameuza ng'ombe, nani amegombana na nani.

Timu ilianza 1967, ikahama 1974 ikaenda Lethbridge, mji mkubwa zaidi huko Alberta. Swift Current wakakaa bila hiyo timu miaka 12. Halafu 1986 wenyeji wakairudisha nyumbani. Na si tajiri mmoja aliyeirudisha; timu ni mali ya jamii, mpaka leo. Hebu waza hiyo raha. Kitu mlinyang'anywa, mmekirudisha kwa nguvu zenu, na sasa kila mtu anahisi ni chake. Mimi naielewa kabisa. Na nataka uiweke akilini, kwa sababu mtu akipenda kitu hivyo, kumwambia kina uozo ndani ni kama kumtusi mama yake.

Jinsi hoki ya vijana inavyofanya kazi huko ndiyo sehemu wengi hawajui. Wachezaji ni wa miaka 16 hadi 20. Yaani wadogo wao ni umri wa Form Two, Form Three. Unatolewa kwenu, pengine ni safari ya masaa mengi kwa gari, unapelekwa mji hujui mtu. Unaishi kwa familia ya hapo iliyojitolea kukukaribisha. Unasoma shule ya hapo. Usiku mnasafiri kwa basi, mnacheza, mnarudi alfajiri. Mamako unamskia kwa simu, na miaka hiyo simu ilikuwa ya waya, iko sebuleni, kila mtu anaskia ukiongea.

Na juu ya yote hayo anakaa kocha. Kule Swift Current alikuwa Graham James, na hakuwa kocha tu, alikuwa pia meneja mkuu. Fikiria vile hiyo inamaanisha. Yeye ndiye anakuchagua. Yeye ndiye anakupanga au anakuweka benchi. Yeye ndiye anaongea na wale wanaosaka vipaji vya NHL wakiuliza, "Huyu kijana ni mtu wa aina gani?" Na akiamua, anaweza kukubadilishana na timu ya mji mwingine, vile watoto hubadilishana stika za wachezaji, na Jumatatu unaanza shule mpya mahali pengine. Kijana wa miaka 16. Hakuna mtu mwingine kwa maisha yako ana nguvu kama hiyo, hata babako.

Msimu wa kwanza tangu timu irudi, tarehe 30 Desemba 1986, Broncos waliingia basi kwenda Regina kucheza. Hawakuwa wametoka mjini vizuri. Barabara ilikuwa na barafu, basi likateleza, likaacha barabara, likapaa, likalala kwa ubavu. Vijana wanne waliokuwa nyuma wakicheza karata wakafa. Trent Kresse, miaka 20. Scott Kruger, 19. Chris Mantyka, 19. Brent Ruff, 16.

Sisi hapa tumezoea ajali mpaka tunasoma "wanne wafariki" na kidole kinaendelea kuteleza kwa skrini. Kwa hivyo rudi usome hayo majina tena. Huyo wa mwisho angekuwa mdogo wako.

Kabla Januari iishe, walikuwa wamerudi kucheza. Kwa jezi wakaweka alama ya jani la sehemu nne, kila sehemu na namba ya mmoja aliyekufa: 8, 9, 11, 22. Msimu huo huo wakafika mpaka mechi za mtoano. Na wale waliokuwa kwa hilo basi wamesimulia baadaye kwamba kocha alikataa wataalamu wa ushauri nasaha wasiletwe kwa timu. Ati timu itajisaidia yenyewe. Itayamaliza ndani.

Hapo ndipo nataka tusimame kidogo, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wakisimulia hii stori hupita mbio ili wafike kwa kombe.

Kuna vijana walitambaa kutoka kwa basi lililopinduka wakaona wenzao wamekufa kwa theluji. Wengine walikuwa na miaka 16, 17. Wakaambiwa kazi yao ni kucheza. Bob Wilkie, mmoja wa walionusurika, aliandika kitabu na wenzake kuhusu hayo kikatoka 2012, na ukiangalia miaka utaona ilimchukua robo karne kuyaweka kwa karatasi. Robo karne! Na sisi huku mtu akifiwa Jumamosi, Jumatatu tunamwambia "jikaze."

Lakini kuna jambo lingine. Ndani ya hilo basi alikuwepo Joe Sakic, miaka 17, aliyekuja kuwa nyota mkubwa wa NHL. Na alikuwepo Sheldon Kennedy, pia 17, kutoka kijiji cha Elkhorn, Manitoba. Kennedy alikuwa na siri. Graham James alikuwa akimdhulumu kingono tangu akiwa na miaka 14. Alimjua kutoka kambi ya hoki, akamfuatilia, akamvuta timu hadi timu, na sasa walikuwa wote Swift Current. Machoni pa watu, ilikuwa ni kocha mzuri anamsaidia kijana wa mashambani afike mbali.

Sasa rudi kwa yule kocha aliyekataa washauri. Mimi siwezi kusoma moyo wa mtu, na sitajifanya najua alifikiria nini siku hiyo. Naongea juu ya kilichotokea. Mtu wa nje, aliyesomea kuongea na vijana, ambaye hapangi kikosi na hana haja na matokeo, angekaa na kila mmoja wao peke yake, mlango umefungwa, na kumuuliza, "Wewe uko aje? Unalala? Kuna kitu kingine?" Huyo mtu hakuja. Ulikuwa ndio mlango mmoja ambao pengine ungefunguka, na ulifungwa kwa jina la timu kujitegemea. Ndio maana nilianza nikisema nilichosema. Familia inayoyamaliza ndani inamaliza na watu wake humo humo.

Nenda mbele mpaka 1989. Broncos wanacheza mechi 12 za mtoano wa ligi yao, wanashinda zote 12. Halafu Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote ya hoki ya vijana Kanada, fainali ikiwa Saskatoon, dhidi ya Saskatoon Blades, wenye uwanja. Mechi inaenda muda wa ziada. Tim Tisdale anafunga. 4 kwa 3. Miaka miwili na nusu tu baada ya ajali, ka-mji kadogo ka ngano ndiko mabingwa wa nchi. Nikisema nilisisimka nikisoma, si uongo. Ni stori tamu sana. Mwaka huo huo gazeti kubwa la hoki, The Hockey News, likampa Graham James tuzo ya mtu bora wa mwaka.

Mtu bora wa mwaka. Na Kennedy alikuwa kwa hiyo timu ya ubingwa.

Kwa hivyo nikiskia mtu anauliza lile swali la kijinga, "Kwa nini hakusema mapema?", mimi hujiuliza huyu msee alikuwa anataka amwambie nani. Wenzake? Nao wanangoja huyo huyo kocha awapange. Familia aliyokuwa anaishi nayo? Pengine wana tikiti za msimu mzima na picha ya timu kwa friji. Viongozi wa timu? Ndio wamemuajiri, na anashinda. Wazazi? Wako mbali na wanaamini mtoto wao yuko mikono salama, na wanashukuru. Polisi wa mji mdogo? Aanzie wapi? Mtu huyu amewazika wanne na nyinyi, amelia na nyinyi, amewaletea kombe, gazeti la nchi nzima limemsifu. Na wewe ni kijana wa kijijini, na ulikuwa unaenda kwake mara kwa mara mchana kweupe, na watu walikuwa wanakuona.

Ajali haikupunguza nguvu za huyo kocha. Iliziongeza. Baada ya hapo ungemlalamikia aje, bila kuonekana unachafua kaburi la wale wanne?

Kennedy alifika NHL. Detroit, halafu Calgary, halafu Boston. Ndoto ilitimia, tukitumia maneno yale ya kwa mabango. Ndani alikuwa anaoza. Pombe, dawa za kulevya, mawazo ya kujiua, yote ameyasema mwenyewe mbele ya watu. 1996 akaenda polisi wa Calgary. Januari 1997 Graham James akakubali makosa mahakamani, dhidi ya Kennedy na mchezaji mwingine ambaye hakutajwa jina. Akafungwa miaka mitatu na nusu.

Mitatu na nusu. Kwa kitu kilichoanza mtu akiwa na 14.

Na kabla ya kusema hiyo ndiyo haki, skiza iliyofuata. Alipotoka, Kanada ilikuwa imemfungia kufundisha hoki, kwa hivyo akavuka bahari akaenda Hispania, na huko akafundisha hoki. Tu. Mtu anapanda ndege na historia yake inabaki uwanja wa ndege. 2007 serikali ya Kanada ikampa msamaha rasmi, ule wa kufichwa kwa rekodi ya makosa, kimya kimya, kwa utaratibu wa kawaida wa ofisi. Umma ukaja kujua 2010, na watu wakawaka vibaya sana, mpaka bunge likabadilisha sheria ya msamaha mwaka huo huo. 2012 sheria ikakazwa zaidi, na waliohukumiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto wakawekwa nje ya huo msamaha.

Wakati huo wengine walikuwa wameanza kutokea. Theo Fleury, nyota wa NHL, alisema kwa kitabu chake 2009 kwamba na yeye alikuwa mmoja wao, enzi za kabla ya Swift Current. Na hapa kuna kitu kinaniuma. Mwaka 1994 James alipoondoka Swift Current akaenda kuanzisha timu mpya ya vijana Calgary, mmoja wa walioweka pesa kwa hiyo timu alikuwa Fleury. Mtu mzima, tajiri, maarufu, anamwekea pesa mtu aliyemharibia utoto. Ukiweza kuelewa hiyo, hutawahi tena kuuliza mtu kwa nini hakusema mapema. Na usipoielewa, tafadhali usiuulize tu.

2012 James alihukumiwa tena, kwa makosa dhidi ya Fleury na Todd Holt, binamu yake Fleury, ambaye alichezea Broncos. Hakimu akampa miaka miwili. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya Manitoba ikaona hiyo ni mzaha, ikaongeza ikawa mitano. 2015 kesi nyingine tena, hii ikiwa pale pale Swift Current, ya mchezaji mwingine wa zamani wa Broncos. Miaka miwili zaidi.

Kwa hivyo Kennedy hakuwa peke yake, na kombe la 1989 halikuwa mwisho wa kitu. Timu ikiendelea kushangiliwa, kuna wavulana wengine walikuwa wanapitia yale yale.

Sasa najua mambo matatu yatasemwa, wacha niyajibu hapa hapa.

La kwanza, "Lakini alikuwa kocha mzuri, alishinda." Manze, hii ndiyo inanichemsha. Alishinda akiwa na Sakic kwa timu misimu miwili, akiwa na vijana walioamka kutoka kwa ajali wakacheza kama watu wanaolipa deni. Goli la Saskatoon alifunga Tisdale. Kila kitu kizuri ambacho hiyo timu ilifanya, kilifanywa na vijana. Sijui tulifika aje mahali ambapo mtoto akishinda ni kocha, na mtoto akiharibika ni mtoto.

La pili, "Mji mzima utalaumiwa kwa makosa ya mtu mmoja?" Hapana, na sisemi mji mzima ulijua. Nasema mji ulijipanga kwa njia ambayo hata ungetaka kujua, haungeweza. Mtu mmoja alishika kikosi, biashara za wachezaji, na maneno ya mwisho kwa kila kitu. Wenyeji walimiliki timu na bado hawakuwa na mtu hata mmoja ambaye kijana wa miaka 16 angeenda kwake bila kupitia kwa kocha. Hiyo si bahati mbaya. Mtu hukagua paa kabla mvua inyeshe.

La tatu, na hii ndiyo ya Kikenya kabisa, "Hayo ni mambo ya wazungu." Wee. Wasomaji wangu wengi wamepitia timu ya shule, akademia ya mpira, kambi ya riadha, kwaya ya kanisa, kikundi cha densi. Jiulizeni tu maswali ya kawaida. Nani alipanga vyumba mkisafiri? Nani alishika vitambulisho na paspoti? Nani aliamua nani anapata ile nafasi ya shule ya bure kupitia michezo? Mara ngapi jibu la hayo maswali yote lilikuwa mtu mmoja? Kwa mtoto ambaye mpira ndio njia pekee ya kumaliza Form Four, huyo mtu mmoja ana nguvu kuliko Graham James, kwa sababu kijana wa Kanada angalau angerudi nyumbani akapata chakula.

Na sheria tuko nayo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 24, inawagusa moja kwa moja watu walio na mamlaka na walioaminiwa, wanaotumia nafasi yao kuwadhulumu walio chini yao. Imekaa hapo miaka yote hii. Namba ya kusaidia watoto ni 116, ni ya bure, haihitaji kredo. Sasa nenda uwanja wowote mtaani wikendi uulize watoto kumi kama wanaijua. Wataijua namba ya jezi ya kila mchezaji wa Arsenal.

Kuna sehemu moja ya hii historia ambayo inanipa moyo, na si kombe. 1998 Kennedy alivaa viatu vya magurudumu akavuka Kanada nzima, kutoka upande mmoja hadi mwingine, akichangisha pesa za kuzuia dhuluma kwa watoto. Baadaye, yeye na mwenzake wakaanzisha mafunzo ya makocha na wazazi kuhusu jinsi ya kutambua dhuluma na nini cha kufanya ukiiona. Leo huko Kanada, mashirikisho mengi ya michezo yanasema bila hayo mafunzo hufundishi mtoto. Yaani mtu aliyefungiwa mlango ndiye amekuja kuweka bawaba kwa milango ya wengine.

Na 6 Aprili 2018, basi la timu nyingine ya vijana ya mkoa huo huo, Humboldt Broncos, jina lile lile la Broncos, liligongana na lori. Watu 29 walikuwa ndani. Walikufa 16. Kennedy, Wilkie na wenzao wengine wa basi la 1986 walifunga safari wakaenda Humboldt. Hawakwenda kuwaambia wakaze roho wacheze. Walienda kuwaambia waongee, watafute wataalamu, wasiyamalize ndani. Walikuwa wamengoja zaidi ya miaka 30 mtu awaambie wao hivyo. Mwezi uliofuata Swift Current wakashinda ubingwa wa ligi yao, na nadhani ni wachache waliogundua nani kati ya hao wawili alikuwa amefanya kazi kubwa zaidi msimu huo.

Swift Current wamejua kuwakumbuka wale wanne. Kila mwaka mchezaji bora wa ligi nzima anapewa tuzo yenye jina lao, na pale ajali ilipotokea kuna mnara. Ni haki yao, na mimi siwezi kusema neno baya juu ya hilo. Lakini waliobaki hai ndio walihitaji mji, na wao mji uliwapa tikiti zilizouzwa zote na kelele. Hiyo ndiyo sehemu inafaa kuwa kwa kila filamu na kila hotuba ya "walianguka wakainuka." Nani aliwainua? Kwa nini aliyekuwa amesimama juu yao ndiye alipewa tuzo?

Basi wewe uliye na mdogo wako kwa timu yoyote, iwe ya mpira, ya kuogelea, ya barafu pale Mombasa Road, Jumamosi hii usimtume na bodaboda. Mpeleke. Kaa hapo mpaka mazoezi yaishe, hata kama jua ni kali na hujui sheria za mchezo. Halafu mwendee kocha, umsalimie vizuri, umuulize vitu viwili tu: mkisafiri, watoto wanalala na nani, na mtoto akiwa na shida na wewe kocha, anamwambia nani? Kocha aliye sawa atakujibu na pengine atakushukuru, kwa sababu hata yeye hilo jibu linamlinda. Akikuambia, "Usijali, sisi hapa ni familia," mchukue mdogo wako muende nyumbani.